Jani la Mama na Kimeng'enya Namba Sitini na Tatu

Wiki yangu ya mwisho kazini, Jovina, ambaye sasa anakaa kwenye meza niliyoikalia mimi, alikuwa akipanga madaftari ya zamani ya maabara. Alipofika kwenye lile lenye jalada la bluu akaniuliza, "Ma Evodia, hapa kila ukurasa umeandika 'jani safi: la Mama'. Halafu ghafla linatoweka. Huyu Mama ni nani, na jani lake lilikwenda wapi?"

Nilimwambia ni habari ndefu, nikaenda kunywa chai. Sasa nimestaafu. Chai ninayo nyumbani, muda ninao, na ninyi mliobaki kwenye kituo chetu cha kupima mihogo mna haki ya kujua kile kichupa mnachokitoa kwenye friza kila asubuhi kilifikaje hapo.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kipya na viatu vipya, nikitegemea kukabidhiwa darubini. Aliyenipokea alikuwa Ta Respicius, fundi sanifu mkuu wa maabara, mtu mfupi aliyevaa mabuti ya mpira hata siku za jua. Alinipa pipeti, kopo la maji na mzani mdogo wa kioo. "Vuta tone moja, lipime. Ukimaliza, vuta jingine."

"Mpaka lini, Ta?"

"Mpaka nitakaporudi."

Alirudi baada ya siku nne. Katika siku hizo wenzangu walipita mlangoni wakinitania kama nimeshamaliza kupima ziwa zima au bado nipo ufukweni Kemondo. Ta Respicius alisoma namba zangu, kisha akasema, "Mkono wako unaongopa, binti. Usikasirike, wa kila mtu unaongopa. Fundi anajua wake unaongopa kwa kiasi gani." Baada ya hapo akatoa mfukoni kifuko cha buni zilizochemshwa na viungo, akanipa mbili nitafune, na tangu siku hiyo nikahesabika kuwa mtu wa maabara.

Alinifundisha kuisikiliza friza. Kila friza ina ngurumo yake, na ngurumo ikibadilika una muda wa kutosha tu wa kutafuta barafu. Umeme wa kwetu mnaujua. Ta Respicius alikuwa na makubaliano na wauza samaki wa Kemondo: umeme ukikatika zaidi ya nusu siku, wao wangetugawia barafu yao, nasi tungewaruhusu kuchaji simu siku umeme ukiwapo. Kwa hiyo vitu vya thamani kuliko vyote kituoni vililala miaka mingi kwenye barafu yenye harufu ya sangara. Wageni walipouliza harufu ile ni ya nini, tulisema ni kemikali.

Kitu chenyewe kilichohitaji baridi kiasi hicho kilikuwa kimeng'enya. Kwa asiye wa kazi hii nieleze kidogo. Kirusi cha michirizi ya kahawia, kinachooza mihogo ardhini, hubeba maelekezo yake katika uzi unaoitwa RNA. Vipimo vyetu husoma uzi wa aina nyingine, DNA. Lazima basi awepo mfasiri katikati, na mfasiri huyo ni kimeng'enya ambacho wataalamu wa mbali walikipata kwa kirusi kimoja cha panya. Ni mfasiri hodari lakini ni mayai. Akipata joto anaiva, na yai lililoiva halirudi kuwa bichi. Alikuwa akitufikia kutoka ng'ambo ndani ya boksi la barafu, kwa ndege, kisha kwa basi, na mara kwa mara boksi lilifunguliwa hapa likiwa na maji ya vuguvugu.

Ubaya ni kwamba kimeng'enya kilichokufa kinafanana kabisa na kilicho hai. Vyote ni maji meupe. Unapima jani lenye ugonjwa, kipimo kinakaa kimya, unaandika "safi", na mbegu inakwenda kwa wakulima. Zaidi ya mara moja tuliwapa watu ugonjwa huku tumewapa na karatasi yenye mhuri.

Ndipo akaja Daktari Novatus. Alikuwa kijana wa Kamachumu aliyerudi kutoka masomoni, mikono ya shati imekunjwa, mwenye haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Wiki yake ya kwanza boksi lilifika likivuja. Alilitazama, akalisukuma kando kwa mguu.

"Ma Evodia, tumechoka kungoja barafu ya watu."

"Tutafanyaje, Daktari?"

"Tutapika wenyewe. Na tutapika kigumu."

Maana yake ilikuwa hii. Maelekezo ya kutengeneza kile kimeng'enya yanaweza kuwekwa ndani ya bakteria, na bakteria wakakipika. Ukibadilisha herufi moja au mbili katika maelekezo, unapata kimeng'enya tofauti kidogo. Mara nyingi kinakuwa kibovu kuliko cha mwanzo. Mara moja moja kinakuwa kigumu, kinastahimili joto. Na joto lilikuwa na faida mbili. Kimeng'enya cha namna hiyo kisingehitaji barafu njiani. Pia, ule uzi wa RNA ukiwa kwenye ubaridi hujikunja na kujifunga mafundo kama kamba kavu ya mgomba. Mfasiri akifika kwenye fundo anaacha kazi. Ukiupasha mpaka nyuzijoto sitini na kitu mafundo yanafunguka, naye anaweza kusoma mpaka mwisho, ilimradi hajaiva.

Habari zilifika mtaani kabla hatujaanza vizuri. Kwenye jumuiya yetu, baada ya sala, jirani yangu alinikazia macho.

"Eti Evodia, huko kazini kwenu mnafuga virusi?"

"Hatufugi. Kirusi chenyewe hakipo. Tumechukua kisu chake tu."

"Kisu cha mwizi ni kisu cha mwizi."

"Ni kweli, lakini kinakata nyama vizuri."

"Basi Krismasi utuletee tukatie mbuzi," akasema mwenyekiti wa jumuiya, na mambo yakaishia hapo.

Kazi ilikuwa ya subira, na mimi subira nilishafundishwa na maji. Kila aina mpya ilipewa namba. Tuliwakuza bakteria usiku kucha, tukawapasua asubuhi, tukaweka maji yao kwenye nyuzijoto sitini kwa dakika kumi. Karibu kila kilichokuwamo kiliganda kama maziwa yaliyoharibika, kikatua chini. Tulichukua maji ya juu na kuyauliza swali moja: bado unatafsiri? Tulitumia chupa ya chai ya kawaida, yenye maji ya moto, kuweka vichupa kwenye joto, kwa sababu chupa ya chai haijui kama umeme umekatika. Niliiandika SI CHAI kwa rangi nyekundu. Siku moja Daktari Novatus, akili iko kwingine, alijimiminia kikombe. Alikunywa, akatafakari, akasema hata chai ya bweni haikuwahi kuwa nyepesi namna ile.

Namba moja hadi kumi na moja zote ziliiva. Kumi na mbili ilistahimili dakika mbili, tukala senene wa kukaanga kwa furaha. Halafu miezi ya ukimya.

Sasa nije kwenye jani. Kila kipimo huwekewa mashahidi watatu. Kichupa cha kwanza kina jani linalojulikana kuwa gonjwa. Lazima kiwake kijani kwenye taa. Cha pili kina jani linalojulikana kuwa safi. Lazima kikae giza. Cha tatu kina maji matupu, nacho lazima kikae giza. Mihogo safi tuliyokuwa tukiiotesha kwenye kibanda cha kioo iliingiliwa na mbuzi, wakamaliza hata mizizi. Daktari alitaka kuagiza mingine kutoka kituo cha mbali. Mimi nikasema, "Usihangaike. Ninalo jani safi."

Lilikuwa la mama yangu, Ma Paskazia, katika kijiji kimoja jirani na Nshamba. Mnajua mpangilio wa kwetu. Kibanja chenye migomba na kahawa ni cha ukoo, na wanaume ndio wenye sauti humo. Mwanamke hulima rweya, yale majani ya wazi kilimani, na shamba lake dogo la huko, musiri, ni lake kweli. Mama alipanda mihogo. Mhaya atakwambia asipokula ndizi hajala, lakini mwaka migomba iliponyauka kijiji kizima kilikula kutoka kwenye musiri wa Mama, na hakuna aliyesema hajashiba.

Mihogo yake ilikuwa laini na mitamu, majani yake mapana, ya kijani kisicho na doa. Naye alikuwa na desturi aliyoipokea kwa mama yake. Bibi harusi akishamaliza siku zake za kukaa ndani na kukabidhiwa jembe, Mama alimpelekea tita la pingili za mihogo, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Alimpa kwa mikono miwili, akasema, "Pika, ugawe." Hakuwahi kuuza hata pingili moja. Aliamini mbegu iliyouzwa huzaa kwa chuki. Kwa miaka mingi hakuna mwanamke aliyeolewa kijijini pale bila tita la Ma Paskazia.

Na alikuwa na mazoea mengine ambayo wakati huo sikuyapa uzito. Hakuacha mhogo ufikishe mwaka. "Mhogo wa mwaka ni kuni," alisema, akang'oa ukiwa mchanga.

Nilipomwambia jani lake litakuwa kipimo cha usafi maabara, alilipokea kama nishani. Baada ya Misa alikuwa akiwaeleza watu kwamba serikali ikitaka kujua mhogo mzima unafananaje, inamwuliza yeye.

Kwa kimeng'enya cha zamani, jani la Mama lilikaa giza, kama ilivyotakiwa. Kisha tukapata namba thelathini na nane, ya kwanza kumaliza dakika kumi kwenye joto bila kuiva. Tukaruka. Tukaweka mashahidi wetu watatu. Jani gonjwa likawaka. Maji yakakaa giza. Jani la Mama likatoa mwanga hafifu, kama kimulimuli ndani ya ngumi.

"Uchafu," akasema Daktari. "Rudia."

Nilirudia. Mwanga ukawapo. Tukaitupa thelathini na nane, tukiamini inatafsiri hata pasipo kitu. Arobaini na tano ilikuwa ngumu zaidi, na jani la Mama likawaka zaidi. Hamsini na moja vivyo hivyo. Kadiri kimeng'enya kilivyokuwa bora, ndivyo tulivyokihukumu kuwa kichafu. Tulisugua meza kwa dawa ya klorini mpaka vidole vikachubuka. Tulifua makoti. Tulibadilisha maji, tukabadilisha chumba. Siku moja Daktari alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama padre kwenye kitubio:

"Ma Evodia, hutumii pipeti moja kwa majani mawili?"

Nilichukua mzani, nikapima maji mbele yake, tone baada ya tone, mara ishirini. Alitazama namba.

"Nisamehe, Ma Evodia."

"Nimesamehe. Ila usirudie."

Kisha ikaja sitini na tatu. Hii ndiyo mnayoitumia. Niliiweka robo saa kwenye nyuzijoto sitini, ikatoka humo kama mtu anayetoka kuoga. Nikaipa jani la Mama. Kichupa kiliwaka karibu sawa na kile cha jani gonjwa. Cha maji kilikuwa giza totoro.

Ilikuwa Jumanne. Nilikaa nikivitazama vichupa viwili vile, na hapo nikaelewa, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa gumu. Uchafu haubagui. Ungekuwa kwenye pipeti, kwenye meza au kwenye kimeng'enya chenyewe, ungeingia na kwenye maji. Maji yalikuwa giza kila mara, tangu thelathini na nane. Kimeng'enya cha zamani kilikuwa kikishindwa na mafundo na kuuacha ugonjwa kidogo upite bila kuonekana. Hivi vipya vilikuwa vinasoma mpaka mwisho, na vilichokisoma kilikuwamo ndani ya jani.

Nilichukua kalamu nikaandika: "Uchafu." Nikafunga daftari, nikaenda nyumbani.

Nimeeleza mengi kuhusu pipeti na joto, na yote hayo mngeweza kuyapata kwenye maelekezo ya maabara. Hili hamtalipata huko. Kwa wiki tatu nilijua, na kwa wiki tatu niliandika neno ambalo si kweli kwa mwandiko mzuri. Kati ya wiki hizo nilikwenda nyumbani Jumapili moja, Mama akanipikia mihogo na maharage, nikala, nikasifu.

Kilichonitoa kwenye ukimya ni mambo mawili yaliyokutana. Daktari Novatus alisema Ijumaa moja, "Wiki ijayo naandika kwamba tumeshindwa. Kila kinachostahimili joto kinaota ndoto. Namba sitini na tatu itupe, tuagize barafu." Alikuwa amechoka, hata mikono ya shati ilikuwa imeteremka. Na jioni hiyo hiyo Mama akapiga simu, sauti imejaa: kikundi cha akina mama wa vijiji vitatu kimechagua musiri wake uwe chanzo cha mbegu. Wataanza kukata pingili Jumatatu, mvua za kwanza zikishalainisha ardhi. "Wamesema wanataka za kwangu, kwa sababu zimepimwa," alisema.

Jumamosi asubuhi nilipita Kemondo, nikapita Muleba, nikashuka Nshamba na kutembea. Nilimkuta Mama kwenye musiri wake, amejifunga kanga kiunoni, akihesabu mashina ya kukatwa.

Mpakani mwa shamba, kati yake na jirani, kulikuwa na mashina matatu ya mhogo mzee. Hayakung'olewa kwa sababu yalikuwa alama ya mpaka. Yalikuwa na miaka miwili au zaidi.

"Mama, naomba tung'oe mmoja wa ile."

"Ya mpaka? Unanitafutia kesi?"

"Mmoja tu."

"Na huo mhogo utautafuna kwa meno ya nani?"

"Sitautafuna. Nataka kuuona ndani."

Aliacha kuhesabu. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili.

"Jani langu limesema nini?"

"Limesema lina ugonjwa."

"Na hicho kidudu chako cha panya, hakisemi uongo?"

"Kinaweza. Ndiyo maana nataka tuchimbe."

Alichukua jembe yeye mwenyewe. Mzizi ulitoka mnene, umbo zuri, ngozi safi. Aliuweka juu ya jiwe akaukata kwa panga katikati. Pembeni ulikuwa mweupe. Katikati kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Akakata tena karibu na shina, akakuta yale yale. Akang'oa wa pili bila kuniuliza. Alipomaliza wa tatu mpaka wa shamba ulikuwa umekwisha, naye alikuwa ameketi chini.

"Na majani mazuri namna hii?"

"Aina hii huuficha ugonjwa kwenye majani, Mama. Na kwenye mizizi hujionyesha ikizeeka. Wewe unang'oa mapema. Usingeweza kuuona."

Alikwangua lile baka kwa ukucha, akanusa.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu." Aliutua mzizi chini taratibu. "Kwa hiyo Jumapili ile ulikuwa unanisifia nini?"

Niliketi kando yake. Upepo wa ziwani ulikuwa ukiyalaza majani ya rweya upande mmoja. Baadaye akaanza kuhesabu kwa vidole, na haikuwa mashina safari hii. Alihesabu mabibi harusi, kwa majina, tangu wa kwanza, Domina, ambaye sasa ana wajukuu, mpaka binti aliyeolewa baada ya Pasaka. Vidole vilikwisha akarudia, vikaisha mara ya pili na ya tatu, akarudia.

"Thelathini na mmoja," alisema. "Nimewapelekea kwa miguu yangu."

"Hukujua."

"Mtu akitoa zawadi haifuati, Evodia. Nikienda kwenye nyumba zao nikawaambia ng'oeni, watasema Paskazia amezeeka, amekuja kudai vyake." Alifuta panga kwenye majani. "Kawaambie hao wa kikundi wasije Jumatatu. Mengine niache niyalalie."

Jumatatu niliweka kipande cha mzizi ule mezani kwa Daktari Novatus, na daftari la bluu juu yake, limefunguliwa kwenye Jumanne ile. Nilimwambia nilichoandika na kwa nini si kweli. Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniuliza kama najua tumetupa aina ngapi nzuri. Nilijua: thelathini na nane, arobaini na tano, hamsini na moja, na nyingine ambazo hatukuzipa hata nafasi ya pili. Hakuna aliyezirudisha mpaka leo. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Sitini na tatu uliitupa?"

"Hapana. Hiyo sikuweza."

Tuliagiza miche iliyooteshwa ndani ya chupa, isiyowahi kuona shamba. Ilipofika tukaipa sitini na tatu majani yake: giza. Tukaipa maji: giza. Tukaipa kipande cha mzizi wa mpakani: kijani mpaka Daktari akacheka.

"Tulikuwa tunamfukuza shahidi kwa sababu hatukupenda ushahidi," alisema.

Akaniambia niandike hivyo hivyo kwenye taarifa, pamoja na kosa langu. Niliandika. Jani la Mama nikalifuta kwenye orodha ya mashahidi safi. Hilo ndilo jibu la swali la Jovina, ingawa siyo mwisho wa habari.

Mama aliyalalia mambo yake siku tisa. Siku ya kumi alinipigia: "Njoo na chupa yako ya chai. Watataka kuona." Kwa hiyo sitini na tatu ilisafiri kwenda Nshamba ndani ya mkoba wangu, bila barafu, imefungwa kwenye leso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kimeng'enya cha kituo chetu kusafiri kama mtu.

Tulianzia kwa Domina. Alitukaribisha uani, akatandika mkeka, akaleta buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mama hakugusa buni. Aliketi wima, mikono mapajani.

"Domina, ile mihogo niliyokupa ulipoolewa ina ugonjwa. Ilikuwa nao tangu zamani, na mimi sikujua. Nimekuja kukuomba uing'oe. Mwanangu ana kipimo, kama huniamini."

Nilianza kufungua chupa. Domina alinizuia kwa mkono.

"Acha, Evodia. Sihitaji kipimo." Alitazama mkeka. "Ina kahawia katikati, kama kizibo. Naijua."

"Unaijua?" Mama akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu mtoto wangu wa kwanza. Nikadhani ni mkono wangu mbaya, au ardhi ya huku. Nilikuwa nakata penye kahawia nawapa mbuzi, penye weupe nawapikia watoto."

"Mbuzi walikula?"

"Walikuwa wanakataa."

"Miaka yote hiyo, Domina, na kila Jumapili tunasalimiana, hukusema?"

"Ningesemaje, Mama? Ulinipa kwa mikono miwili."

Mama akachukua buni moja kutoka kwenye kikapu, akaitafuna polepole.

"Vaa viatu," alisema. "Twende wote kwa wa pili."

Kwa wa pili Mama alianza kusema, na yule mwanamke akamtazama Domina, Domina akaitikia kwa kichwa, na yule akasema hata yeye alidhani ni mkono wake. Kwa wa tatu alisema Domina. Kufika nyumba ya sita Mama hakuwa na la kusema tena. Walikuwa wakielezana wenyewe, kila mmoja alivyokuwa akificha vipande vya kahawia chini ya maganda ili mama mkwe asivione. Walikuwa wanacheka mpaka wanashikilia miti. Chupa yangu ya chai haikufunguliwa siku nzima.

Walipokuwa kumi na wanne, wote na majembe, walipanda kilimani. Hakuna aliyewaambia waanzie wapi. Walipita misiri yao wenyewe mmoja baada ya mwingine, wakaenda moja kwa moja kwenye musiri wa Mama, wakajipanga mstari kutoka juu, na Domina akainua jembe la kwanza. Mama alisimama kando, amekunja mikono, akitazama shina la kwanza likilala. Nilidhani atalia.

"Taratibu na mizizi," aliwaambia. "Ile michanga bado inalika."